Kaboni Ina Mikono Minne

Maharage mekundu yalikuwa oksijeni. Meupe, yale madogo, yalikuwa hidrojeni. Kaboni ilikuwa mkaa wenyewe, kipande kidogo ambacho ulitakiwa ukitoboe taratibu kwa msumari mwembamba, na kikipasuka unaanza upya. Mikono ya kushikana ilikuwa njiti za ufagio wa mchikichi. Hiyo ndiyo ilikuwa maabara yetu ya kidato cha pili, na naiita maabara kwa sababu mwalimu wetu wa kemia alikataa tuiite jina lingine. Kile chumba chenye maandishi ya maabara mlangoni kipo, ila kimejaa madawati yaliyovunjika miguu na mifuko ya saruji iliyoganda.

Mwalimu tulimwita madam. Alikuwa anajitolea, bado kijana, kwao ni Tanga, na Kiswahili chake kilikuwa kinateleza kuliko chetu sisi ambao jambo tunaliwaza kwanza kwa Kiha. Alituambia maharage tuyaloweke nyumbani ili njiti ipenye bila kuyapasua.

"Msiyapike, na msiyale," alisema.

"Na yakibaki, madam?" aliuliza mmoja wa wale wanaokaa nyuma.

"Yakibaki rudisha kwa mama yako, mwambie umemletea maji na hewa."

Darasa likacheka. Mimi nilicheka kwa ndani. Mimi ni mtu ambaye nikiulizwa jina langu mbele za watu linapotea. Lakini mikono yangu haina aibu. Nilitoboa mkaa bila kuupasua, na madam akawa ananipa vipande vigumu nitobolee kundi zima, haniulizi swali, ananiwekea tu mezani. Nilimpenda kwa hilo.

Maharage yale yalitoka kwa bibi jirani. Hakuwa bibi yangu wa damu. Alikuja huku upande wa Kasulu na wazazi wake kutoka Burundi akiwa msichana, uraia amepata zamani, na shamba lake lilipakana na letu. Alikuwa anapanda maharage mchanganyiko, mekundu, meupe, ya njano, yenye madoa, yote shimo moja, kwa sababu, alisema, mvua ikiyakataa haya, yale yatavumilia. Nilipokwenda kumwomba aliniambia nichague mwenyewe kwenye ungo.

"Mnayafanyia nini shuleni?"

"Tunayatoboa, bibi."

"Mawe, mama wee! Mbegu mnaitoboa?" Akacheka mpaka akashika kiuno. "Mjukuu wangu anasomea kutoboa maharage. Haya, toboa, utakuja kuwa daktari wa maharage."

Ndivyo tulivyokuwa tunaishi naye. Mama yangu alikuwa akimpelekea chumvi, yeye anatuletea majani ya maharage. Baba alishafariki nikiwa shule ya msingi, na mwaka ule wote bibi ndiye aliyelala kwetu ili mama asilie peke yake. Nayaandika haya kwanza ili yanayofuata yaeleweke yalikuwa mazito kiasi gani.

Dada yangu ameolewa Kakonko. Kwetu mimba ya kwanza mtu huja kujifungulia kwa mama yake, kwa hiyo mama alijiandaa kama anayempokea mkuu wa wilaya. Nyumba yetu ina vyumba viwili na sebule, bati juu, tofali la kuchoma. Aliita fundi azibe kwa saruji nyufa zote za chumba cha dada. Kisha akakaa barazani siku nyingi akiunga viroba vya unga kwa sindano kubwa, akavitandaza chini ya bati vikawa dari. Alitaka mawifi wa dada wakija kumwona mtoto wasiseme mtoto alizaliwa kwenye banda.

"Hata mjusi hapiti humu," alisema akiangalia juu, ameshika kiuno. Nakumbuka alivyofurahi.

Dada alijifungua kituo cha afya, mtoto wa kiume, wakarudi nyumbani wote wazima. Huku kwetu juu, mvua zikikaza, baridi ni ya kweli. Mzazi haachwi kwenye baridi. Anakandwa kwa maji ya moto, anakunywa uji wa moto, na chumbani kwake panawekwa jiko la mkaa ili upepo usimwingie tumboni. Hakuna aliyewahi kuniambia ni desturi. Ni kitu kinachofanyika tu, kama kumfunika mtoto kichwa. Siku nyingine zote mama aliliingiza jiko mchana, jioni akalitoa. Chini ya kitanda alikuwepo kuku wetu mmoja analalia mayai kwenye kikapu kibovu, maana huko nje kicheche alishamaliza wenzake.

Kitovu cha mtoto kilikuwa hakijadondoka siku ile ilipokuja mvua ya upepo. Bibi jirani alipita jioni na uji wa ulezi kwenye sufuria aliyoifunika kwa jani la mgomba. Alimpokea mtoto, akamtazama sana.

"Huyu ana macho ya mtu mzima," alisema. "Huyu ameshakuja hapa duniani."

Dada alicheka. Bibi akarudi kwake na jani la mgomba kichwani. Mkaa ulikuwa umelowa, hivyo mama alijaza jiko mpaka juu, akapuliza, akasubiri mpaka moshi ukaisha kabisa ndipo akaliingiza chumbani. Alisokota blanketi kuukuu akaliziba dirisha. Akafunga mlango ili dada alale vizuri. Mimi na mama tulilala sebuleni.

Asubuhi nilimsikia mama akisema "amka" kwa sauti ya kawaida. Kisha akasema tena. Mara ya tatu haikuwa sauti yake.

Dada alikuwa ametapika kwenye mto wa kulalia, anageuza kichwa huku na huku, anasema kinapasuka. Tulimvuta nje, magoti yake hayakubeba. Kule barazani, kwenye mvua, akaanza kurudi kidogo kidogo kama mtu anayepanda kutoka kisimani. Mtoto hakurudi. Mama alimkumbatia, na mimi nilimtazama kwa sababu hakufanana na maiti niliyewahi kumwona. Midomo yake ilikuwa myekundu. Ungefikiri ametoka kuogeshwa.

Nilipoingia kufagia nikamkuta na kuku amekufa, kichwa kimelala juu ya mayai.

Tulimzika mtoto nyuma, kwenye migomba. Kule kituoni walimwekea dada dripu, wakapima malaria, hakuna. Akarudi nyumbani na maziwa yanamtoka hayana wa kuyanyonya. Mama alimfunga kifua kwa kanga na wote wawili hawakuongea.

Walioongea walikuwa wengine. Wifi yake dada alifika kutoka Kakonko, mwanamke mrefu mwenye sauti ya kanisani, akakaa kwenye mkeka na swali lake la kwanza lilikuwa: "Nani alimshika wa mwisho?"

Kila mtu alitazama upande wa shamba la bibi.

"Na alisema nini?"

Dada, ambaye hakuwa na nia yoyote mbaya, akalirudia lile neno la macho ya mtu mzima. Nikaona wanawake wanaangaliana. Kwetu mtoto mchanga hasifiwi hivyo.

"Na kuku?" aliendelea wifi. "Ugonjwa gani unaua mtu na kuku? Na huyu, kutolewa tu mlangoni, akapona. Mnataka mwambiwe na nani tena?"

Baba mdogo, mdogo wake marehemu baba, ndiye anayesimamia mambo yetu makubwa. Alisema kamchape wako kijiji cha jirani. Kamchape ni vijana wanaotembea kijiji hadi kijiji wakidai wanafichua wachawi. Serikali imewakataza, ila wanakuja. Wakipelekewa jina wanaingia kwa mtu, wanachimba sakafu, wanatoa pembe ambayo naamini wamekuja nayo mfukoni, na baada ya hapo yule mtu hana tena kijiji. Kule Kagerankanda niliwahi kuona nyumba waliyoipitia. Zilibaki kuta na mti wa papai ulioungua upande mmoja.

"Ila hawaingii hivi hivi," alisema baba mdogo. "Wanataka aliyefiwa alitaje jina kwa mdomo wake. Shemeji, fikiria. Tutakaa kikao."

Mama aliinuka akaenda kumfunga dada kanga upya. Kesho yake bibi alipita njiani na jembe begani, akasimama, akapiga makofi ya salamu kama siku zote.

"Mwakeye!"

Mama alikuwa anaosha vyombo. Aliendelea kuosha. Bibi alisubiri kidogo, kisha akaenda zake. Mimi niliitikia, lakini sauti yangu haifiki njiani.

Shuleni habari zilinitangulia. Tulipotoa bakuli la maharage, mwenzangu wa dawati, tuliyekaa naye tangu kidato cha kwanza, akavuta mkono.

"Mimi hayo sishiki."

"Kwa nini?"

"Si ya yule bibi yenu? Samahani rafiki yangu, lakini mama yangu ni mjamzito. Siendi nayo nyumbani kwenye kucha."

"Yaloweke tu," akasema mmoja wa nyuma, "usiku yatakuita kwa jina."

Wakacheka. Nikaendelea kutoboa mkaa. Nikavunja vipande vingi siku hiyo.

Somo lililobadilisha mambo lilikuja siku ile ile ya kikao. Madam aliandika ubaoni mada ya nishati na fueli, kwa Kiingereza kama inavyotakiwa, halafu akaweka chaki chini akaanza kuongea kama watu.

"Leo tunachoma mkaa. Kaboni ina mikono mingapi?"

"Minne!"

"Oksijeni?"

"Miwili!"

"Haya. Hewa ikiwa ya kutosha, kaboni moja inashika oksijeni mbili. Mikono miwili huku, miwili huku. Inatulia. Tengenezeni."

Nikatengeneza. Mkaa katikati, harage jekundu kila upande, njiti mbili mbili.

"Sasa funga mlango," alisema madam. "Ziba na dirisha. Jiko bado linawaka, lakini hewa imepungua. Kaboni inatafuta, inatafuta, inaipata oksijeni moja tu. Chomoeni harage moja."

Nikachomoa. Nikabaki na mkaa na harage moja, na upande wa pili matundu mawili wazi.

"Hii ni gesi nyingine kabisa. Haina rangi, haina harufu. Moshi una adabu, unakukohoza, unakutoa nje. Huyu hasemi kitu. Damu yako ni kama baiskeli ya abiria. Oksijeni anapanda kwenye mapafu, anashuka kwenye ubongo, anashuka kwenye moyo. Huyu akiwahi keria hashuki. Baiskeli zinazunguka mwilini zimejaa, na ubongo uko kituoni unasubiri abiria ambaye hafiki. Mtu anaumwa kichwa. Anatapika. Magoti yanakosa nguvu. Ukimwahi ukamtoa kwenye hewa anaweza kupona. Akiwa mdogo sana mara nyingi hutamwahi. Na midomo inaweza kuwa myekundu, kwa sababu damu yenyewe imekuwa nyekundu kupita kawaida."

Sikusikia tena. Nilitazama vidole vyangu vilivyokuwa vyeusi, na kile kitu kilichokuwa katikati yake, kidogo kuliko njugu. Nilikuwa nimekitengeneza kwa mkono wangu, vizuri, bila kukipasua.

Kipindi kilipoisha nilimfuata madam kwenye korido. Nilisimama nyuma yake mpaka akageuka mwenyewe.

"Unasemaje?"

Nikamweleza nikitazama viatu vyake. Jiko, blanketi, dari ya viroba. Dada kutapika. Midomo. Alinisikiliza bila kunikatiza.

"Kuku alikuwa wapi?"

"Chini ya kitanda, analalia."

Madam alikaa kwenye ukingo wa korido kama mtu aliyechoka ghafla.

"Bibi yule hakumshika kuku," nikasema.

"Hapana. Hakumshika." Kisha akasema, "Nije kwenu?"

"Kikao ni leo jioni, madam. Usije. Wewe mgeni, watasema bibi amekununua. Na mama atalisikia mbele za watu."

"Basi mwambie yeye kwanza, peke yake. Lakini usimwambie kuwa ni kosa lake."

"Nitamwambia ni la nani?"

Madam alinitazama, akafumbua mdomo, akaufumba. Sijui kama mwalimu mwingine yeyote angeniheshimu kiasi cha kutonijibu.

Nilitembea kwa miguu hadi nyumbani na kile kitu mfukoni, na mavumbi ya mkaa yalichafua sketi yangu ya shule. Njia nzima niliupima mzigo. Nikinyamaza, bibi atachimbiwa sakafu. Nikisema, mama yangu atajua kwamba moto aliouwasha kwa upendo ndio uliomuua mjukuu wake. Hakukuwa na njia ya katikati, niliitafuta.

Mama alikuwa jiko la nje anasonga ugali wa muhogo kwa ajili ya wageni. Kuni zilikuwa mbichi, macho yake mekundu kwa moshi au kwa mengine. Nikachutama. Nikaweka mkaa chini kwenye udongo, nikarudishia harage la pili.

"Mama, hii ni hewa inayotoka kwenye mkaa mlango ukiwa wazi."

"Nina wageni uani, wewe unaniletea maharage."

"Nisikilize kidogo tu, mama."

Nadhani alisimama kwa sababu mimi huwa siombi kusikilizwa. Nikachomoa harage. Nikamweleza kama madam alivyotueleza, baiskeli na yote, ila kwa Kiha, na kwa Kiha lilikuwa baya zaidi kwa sababu hapakuwa na neno la Kizungu la kujificha nyuma yake. Mama aliendelea kugeuza mwiko taratibu, ugali umeshaiva, anaugeuza tu.

"Bibi yako, mama yangu mimi, aliniwekea moto chumbani nilipomzaa dada yako," alisema. "Akaniwekea nilipokuzaa wewe. Mbona hamkufa?"

"Nyumba ya bibi ilikuwa ya nyasi, mama. Moto ule ulikuwa na pa kutokea."

Mwiko ukasimama.

"Dari nimeishona mimi," alisema.

Nikalifuta udongo lile harage kwa kidole.

"Fundi nilimwita mimi." Akatazama moto. Akasukuma ukuni ndani, kisha akasema neno moja: "Kuku."

Hakulia. Alifuta mikono kwenye kanga, akapakua ugali, akaupeleka kwa wageni, akawanawisha mmoja mmoja kama inavyotakiwa. Walikula. Nilimwona anasubiri wamalize, na nikamwogopa mama yangu kwa mara ya kwanza, jinsi alivyokuwa mtulivu.

Bibi jirani alikuwa ameitwa. Alikaa chini pembeni karibu na ua, juu ya kanga yake mwenyewe, hakuna aliyempa kigoda. Chakula hakupewa. Dada alikuwa amesimama mlangoni, mkono kifuani.

"Shemeji," alianza baba mdogo, "mwenye kidonda ni wewe. Sisi ni wasindikizaji. Tunasubiri neno lako, tukalipeleke."

Mama aliingia ndani. Alitoka na jiko la mkaa, lile lile, bado lina majivu. Akaliweka katikati ya uwanja mbele ya watu wote.

"Mnauliza nani wa mwisho kuwa na mtoto," alisema. "Ni huyu. Niliyemwingiza ni mimi. Niliyefunga mlango ni mimi. Jina lingine sina."

Wanawake wakalitazama jiko.

"Sijaelewa," alisema wifi yake dada. "Unasema umemuua mtoto wa kaka yangu?"

"Nasema nilichofanya."

"Mkaa tunaotumia sote? Mimi mwenyewe nimezaa na jiko ndani!"

"Mkaa ukikosa hewa—" nikasema. Ni mimi niliyesema. Nilikuwa nimesimama, na kile kitu kiko kiganjani mwangu kimenyooshwa mbele. "Mkaa ukikosa hewa unashika—"

"Watoto waondoke hapa," alisema baba mdogo bila kunitazama. Akamgeukia mama. "Nani amekuambia haya?"

"Nyumba ni yangu. Naijua."

Hakunitazama hata kidogo aliposema hivyo, na nikaelewa kuwa ananificha.

Hapo ndipo mwanamke mmoja nyuma alipiga makofi akasema kwa sauti kubwa: "Mmeona? Mmeona jamani? Ameshamfunga ulimi! Mpaka mtu anajishitaki mwenyewe!" Na wengine wakaguna kukubali. Nilifikiri ukweli ukitoka hadharani unafanya kazi peke yake. Nilikuwa sijajua kwamba watu wanaweza kuushika, wakaugeuza, wakautumia kwa lile lile walilokuwa wameshaamua.

Lakini bila jina kutoka mdomoni mwa mama, baba mdogo hakuwa na cha kupeleka. Alitema mate pembeni ya jiko, akachukua koti lake akaondoka. Kamchape hawakuja kwetu. Hilo tulilipata.

Dada aliondoka na wifi yake asubuhi. Alinishika mkono, akanivuta karibu, akanivuta tena. Kwa mama alipita kama anapita mlango. Mama alikuwa amemfungia ndizi mbivu na karanga kwenye kitambaa, akabaki ameshika kile kitambaa mpaka vumbi la pikipiki likatulia. Tangu siku hiyo dada hupiga simu kwangu. Huniuliza shule. Nikisema "mama yupo hapa," salio lake huisha.

Bibi naye hakukaa. Hakuna aliyemfukuza. Ila kisimani wanawake walikuwa wanamwachia nafasi kubwa, na siku moja alikuta migomba yake imekatwa. Mwanawe anayefanya biashara Kibondo alikuja kumchukua. Mama alikwenda kusaidia kubeba godoro hadi barabarani, na mimi nilibeba ungo.

"Umenisafisha mbele ya watu, mwanangu," bibi alimwambia mama. "Nashukuru, Mungu ameona. Lakini kabla ya siku ile nilipita hapa nikakusalimia, ukaangalia sufuria. Ulikuwa hunioni?"

"Nilikuwa nakuona," alisema mama.

"Basi."

Hakusema kwa ukali. Aliufungua mfuko akatuachia maharage ya mbegu, mchanganyiko ule ule, akapanda gari. Mama aliyapanda. Yaliota yote.

Sasa mama hapiki kwa mkaa. Anapika kwa kuni nje, hata mvua inyeshe vipi, ameshika mwavuli kwa mkono mmoja. Kile chumba alikipandia kwa ngazi akakata dari kwa kisu, mapande ya viroba yananing'inia mpaka leo. Akisikia mahali pamezaliwa, anajifunga kanga anakwenda kuwaambia watoe jiko. Hapokelewi. Mwanamke aliyefiwa na mtoto mchanga mikononi mwake, na mwenyewe kasema ni yeye, nani atamfungulia chumba cha mzazi? Wengine humjibu wakiwa ndani, mlango umefungwa. Watoto wanamwita Mama Dirisha.

Mwenzangu wa dawati, mama yake alijifungua kabla ya likizo. Mama alikwenda na mkungu wa ndizi, akafika uani, akasimama. Ndizi zilipokelewa. Yeye hakukaribishwa. Alirudi njiani akanikuta natoka shule.

"Nenda wewe," alisema. "Wewe ni mwenzie."

Nikaingia. Mimi, ambaye kwenye nyumba za watu nasubiri niambiwe mara tatu nikae. Chumbani palikuwa na joto zuri. Mzazi amelala amegeukia ukutani, mtoto kwenye kifua chake, na mwenzangu amekaa ukingoni mwa kitanda anamenya muhogo. Jiko lilikuwa miguuni pake, jekundu kabisa, halina moshi hata chembe. Dirishani wamesokota gunia.

"Karibu," alisema. "Funga mlango, baridi."

Maneno niliyokuwa nimeyapanga njiani yalipotea yote, mikono minne, baiskeli, keria. Nikaenda dirishani nikachomoa gunia.

"We, vipi! Unafanya nini?"

Mzazi akageuka. "Ni yule binti wa pale? Mwambie mama yako asituletee mikosi. Aliyoyafanya kwake yanatosha."

Nikavua sweta la shule, nikalisokota mkononi, nikashika masikio ya jiko. Joto lilipita kwenye sufi. Mwenzangu alisimama, kisu cha muhogo mkononi, hakujua azuie au acheke.

"Unaiba jiko letu?"

"Nalitoa nje," nikasema. "Nikishalitoa nitakueleza."

Nilivuka kizingiti nalo. Nje kulikuwa na manyunyu, na matone yalipogusa mkaa ukaanza kulia. Kule njiani mama alikuwa bado amesimama chini ya mwavuli. Aliniona, hakusogea.

Nyuma yangu nikasikia gunia likirudishwa dirishani, na mlango ukafungwa. Lakini jiko nilikuwa nalo mimi.